Benchimaki Yako Inapogoma Ndani ya gem5: Dalili, Visababishi na Tiba Zake

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye amekwisha kuijenga gem5, yaani kiigaji cha kompyuta, ameona Linux ikiwaka ndani yake kwa kutumia mfano uliotolewa tayari, na sasa anataka kuendesha programu yake mwenyewe ya kupima utendaji, yaani benchimaki aliyoiandika au kuikusanya (compile) kwa mkono wake, katika hali ya mfumo mzima. Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo. Katika hali hiyo kiigaji hakiendeshi programu yako moja kwa moja. Kinachoiendesha ni kerneli ya Linux, ambayo imesoma faili kutoka katika taswira ya diski kwa kufuata skripti, ndani ya kompyuta ya kuigwa, ambayo nayo ni mchakato wa kawaida tu katika kompyuta mwenyeji. Kosa lililofanyika katika tabaka moja mara nyingi hujitokeza katika tabaka jingine, na kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kutambua tabaka lililogoma kabla ya kugusa kitu chochote.

Mahali pa kutazama kwanza

Kuna mahali pawili pa kusoma, na wengi husoma mahali pamoja tu kati ya hapo pawili. Pa kwanza ni terminali ya kompyuta mwenyeji, pale ulipoandika amri ya kuanzisha gem5. Ujumbe unaotoka hapo una ngazi zake, na ngazi mbili zinastahili kutofautishwa: `fatal` humaanisha kwamba mtumiaji amekosea katika usanidi, ilhali `panic` humaanisha kwamba kiigaji chenyewe kimefika mahali ambapo waandishi wake hawakutarajia kifike kamwe. Ujumbe wa `warn` hujaa hata katika uendeshaji usio na dosari yoyote, kwa hiyo usiukamate kama mshukiwa kabla hujaulinganisha na ule unaotolewa na mfano wa tayari ambao unajua unafanya kazi.

Pa pili ni terminali ya mfumo mgeni, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya kiigaji, ambayo yaliyomo huandikwa katika faili iliyo ndani ya folda ya `m5out`. Kwa x86 faili hiyo huitwa `system.pc.com_1.device`, kwa Arm huitwa `system.terminal`, na ukiwa umeandika usanidi wako kwa maktaba ya kawaida ya gem5, jina lake huanza na `board` badala ya `system`. Unaweza vilevile kuingia moja kwa moja kwa programu ya `m5term`, kwa kawaida kupitia mlango namba 3456. Kerneli inapoanguka, au programu yako inapouawa, habari hizo huandikwa huku kwa mgeni, na terminali ya mwenyeji hubaki kimya kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuna jaribio moja ambalo ningeshauri lifanywe kabla ya mengine yote: endesha benchimaki hiyo hiyo, kutoka katika taswira hiyo hiyo ya diski, ndani ya QEMU, kiigaji kingine chepesi. QEMU huwaka haraka, na ikiwa programu inagoma huko pia, basi umejua ndani ya muda mfupi kwamba gem5 haihusiki na kwamba kosa liko katika taswira au katika programu. Tahadhari ni moja tu: maagizo maalumu ya gem5, yale yanayoitwa kupitia maktaba ya `libm5`, hayana maana yoyote nje ya kiigaji, na programu iliyoyabeba itauawa papo hapo. Yazungushie masharti ya `#ifdef` ili uweze kukusanya programu ikiwa nayo au bila nayo.

Kerneli haifiki mwisho wa kuwaka

Hapa hatutakaa sana, kwa kuwa visababishi ni vichache na ujumbe wake huwa wazi. Kiigaji kikilalamika kwamba hakioni faili kwenye `M5_PATH`, hakikisha kwamba kigezo hicho cha mazingira kinaelekeza kwenye folda yenye folda ndogo mbili, `binaries` na `disks`, au toa njia kamili za faili zote mbili. Kwa x86, kerneli inayotakiwa ni faili ya `vmlinux` isiyobanwa, wala si ile iliyobanwa ambayo kompyuta za kawaida huitumia.

Kerneli ikifa kwa maneno `VFS: Unable to mount root fs`, kuna mambo mawili ya kukagua. Huenda kigezo cha `root=` kinataja kifaa kisichokuwapo: kerneli za zamani ziliiita diski ya IDE `/dev/hda1`, ilhali zenye kiendeshi kipya huiita `/dev/sda1`, na taswira isiyo na jedwali la sehemu haina namba kabisa mwishoni mwa jina. Au huenda kiendeshi cha diski kilikusanywa kama moduli badala ya kuwekwa ndani ya kerneli yenyewe. Kwa kuwa uwakaji wa kawaida katika gem5 hautumii diski ya muda ya kumbukumbu (initramfs), hakuna mahali ambapo moduli hiyo ingesomwa kabla ya diski kupatikana.

Mfumo umewaka, lakini benchimaki haianzi

Njia ya kawaida ya kumpa mgeni kazi ni kumpelekea skripti. Unaitaja kwa `--script` unapotumia `fs.py`, skripti ya usanidi inayokuja na gem5, au kwa kigezo cha `readfile` katika maktaba ya kawaida, kisha mgeni akimaliza kuwaka huita `m5 readfile`, huandika alichokipata katika faili, na kukiendesha. Neno zito katika sentensi hiyo ni «huita». Kiigaji hakimlazimishi mgeni kuisoma skripti yako. Taswira uliyoitengeneza mwenyewe kutoka katika usambazaji wa kawaida wa Linux haina mtu wa kuita `m5 readfile`, wala pengine haina programu ya `m5` yenyewe, mpaka uikusanye kutoka katika folda ya `util/m5` kwa usanifu wa mgeni, uiweke kwenye diski, na uandike huduma ya kuianzisha wakati wa kuwaka. Dalili ya kasoro hii ni mgeni aliyefika kwenye kiashiria cha kuingia na kukaa hapo bila kufanya lolote.

Ukitaka uhakika badala ya kukisia, anzisha gem5 kwa `--debug-flags=PseudoInst`. Kila agizo maalumu litakaloitwa na mgeni litaandikwa, nawe utajua kama `readfile` iliitwa au la. Alama hizi hufanya kazi katika `gem5.opt` na `gem5.debug`, katika `gem5.fast` zimeondolewa, na mtu anayezitafuta huko atapoteza muda wake.

Iwapo `readfile` imeitwa na bado hakuna kilichofanyika, itazame skripti kwa makini. Mstari wa kwanza lazima utaje mkalimani (programu inayoiendesha skripti) aliyemo kweli ndani ya taswira. Taswira nyingi ndogo zina `/bin/sh` lakini hazina `/bin/bash`. Faili iliyohaririwa katika Windows huwa na herufi ya ziada isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na kutokana nayo mgeni atadai kwamba mkalimani hayupo ilhali unamwona kwa macho yako.

Kinyume chake pia hutokea: uigaji unakoma mapema mno. Mara nyingine benchimaki imeanzishwa kwa `&`, yaani kwa nyuma bila skripti kuisubiri, nayo skripti ikaendelea hadi `m5 exit` kabla programu haijafanya chochote. Mara nyingine kosa halimo katika skripti yako hata kidogo. Baadhi ya taswira za tayari hutoa agizo la kutoka zaidi ya mara moja, moja likiwa la kutangaza kwamba kerneli imekwisha kuwaka, na usanidi usiojua hilo husimama kwenye tangazo la kwanza. Katika maktaba ya kawaida unashughulikia jambo hili kwa `on_exit_event`, ukitoa jenereta inayorudisha `False` pale uigaji unapopaswa kuendelea na `True` pale unapopaswa kusimama.

Soma daima mstari wa mwisho kwenye terminali ya mwenyeji, ule unaotaja sababu ya kutoka. Ukisema `m5_exit instruction encountered`, mgeni ndiye aliyeomba kutoka. Ukitaja tiki (kipimo cha muda wa kiigaji) ya 18446744073709551615, usidhani kwamba uigaji wako umekwenda mbali hivyo: hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazoingia katika biti 64, na maana yake ni kwamba foleni ya matukio imekauka, hakuna tena kilichopangwa kutokea.

Faili ipo, lakini mgeni anasema haipo

Ujumbe wa `No such file or directory` juu ya programu ambayo `ls` inaionyesha huwachanganya hata wazoefu. Faili isiyopatikana siyo programu yako. Isiyopatikana ni kipakiaji cha maktaba ambacho programu yako inakitaja ndani yake, kwa mfano `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Amri ya `readelf -l` kwenye kompyuta mwenyeji itakuonyesha njia hiyo, nawe utakagua kama imo katika taswira. Ndugu wa kosa hili ni lalamiko kwamba toleo fulani la `GLIBC` halikupatikana, ambalo hutokea kwa sababu umekusanya programu kwenye kompyuta yenye maktaba mpya kuliko zile za mgeni. `Exec format error` nayo ni kosa la usanifu: umempelekea mgeni wa Arm au RISC-V programu ya x86.

Kwa makosa mawili ya kwanza tiba iliyo rahisi ni kukusanya kwa `-static`, ili programu ibebe kila kitu chake. Kwa programu zenye nyuzi (threads), kuna mtego wa kihistoria: kabla ya glibc 2.34, iliyotoka mwaka 2021, maktaba ya nyuzi ilikuwa peke yake, na kuiunganisha kwa `-static` pasipo `-Wl,--whole-archive` kulizaa programu zilizoanguka zilipoanza kuunda nyuzi. Ikiwa huwezi kukusanya kwa namna hiyo, ingia ndani ya taswira kwa `chroot` au kwa QEMU na ukusanye huko huko, kwa kompaila ya mgeni.

Unapoipachika (mount) taswira ili kuweka faili ndani yake, kumbuka kwamba sehemu ya kwanza ya diski haianzi kwenye baiti sifuri. Katika taswira nyingi za sasa huanza kwenye sekta ya 2048, yaani baiti 1048576. Katika za zamani huanza kwenye sekta ya 63, yaani baiti 32256. Thibitisha kwa `fdisk -l` badala ya kunakili namba ya mtu mwingine. Na uipachue kabla ya kuanzisha gem5, la sivyo baadhi ya ulichokiandika kitakuwa bado kimo katika kumbukumbu ya mwenyeji.

Programu inauawa kwa «Illegal instruction»

Dalili hii ina visababishi viwili ambavyo havifanani hata kidogo, na tofauti yake ni pale programu inapofia.

Ikifia katikati ya hesabu, mshukiwa wa kwanza ni `-march=native`. Kompaila imeitazama kompyuta yako, ikakuta ina AVX, kundi la maagizo ya ziada ya hesabu, na ikaandika maagizo ambayo kichakataji cha x86 cha gem5 hakiyajui. Makefile nyingi za benchimaki zina alama hiyo ndani yake bila mtumiaji kufahamu, kwa hiyo itafute humo kabla ya kuapa kwamba hukuiweka. Ikusanye upya kwa `-march=x86-64`. Ukitaka kujua ni agizo gani hasa, soma mistari ya `warn` kwenye terminali ya mwenyeji, kisha litafute agizo hilo kwa `objdump -d`.

Ikifia pale tu inapoita `m5_reset_stats` au mwenziwe, tatizo ni kichakataji cha KVM, njia ya kuendesha mgeni moja kwa moja kwenye chipu ya mwenyeji. Maagizo maalumu ya x86 yameandikwa kwa baiti 0F 04, ambazo hazina maana kwa kichakataji halisi. Vichakataji vya kuigwa huzitambua, lakini ukiwa katika KVM programu inaendeshwa na chipu ya kompyuta mwenyeji yenyewe, nayo hukataa. Badala ya agizo, tumia anwani ya kumbukumbu: kwa x86 ni 0xFFFF0000. Kwenye skripti unaandika `m5 --addr=0xFFFF0000 exit`, na ndani ya programu ya C unaweka `m5op_addr`, unaita `map_m5_mem()`, kisha unatumia majina yanayoishia na `_addr`, kama `m5_reset_stats_addr`. Njia hii hupitia `/dev/mem`, kwa hiyo programu lazima iendeshwe na mtumiaji mkuu. Ukiwa na taswira zinazomwingiza mtumiaji wa kawaida baada ya kuwaka, hilo nalo litakukwamisha.

Programu mpya haionekani baada ya kurejesha chekipointi

Hili ndilo tatizo lililowahi kunila siku mbili nzima, na ningependa lisimle mwingine. Kwa kuwa kuwasha Linux ni kazi ndefu, mtu huiwasha mara moja kwa kichakataji chepesi, huchukua chekipointi, yaani nakala ya hali nzima ya mgeni kwa wakati huo, na kila jaribio linalofuata huanzia hapo. Siku moja nilirekebisha benchimaki yangu, nikaipachika taswira, nikaiweka programu mpya mahali pa ile ya zamani, nikarejesha chekipointi, na matokeo yakaja yale yale ya jana, hadi tarakimu ya mwisho. Nikabadilisha tena. Yale yale. Nilipoongeza faili yenye jina jipya kabisa, mgeni alisema haipo.

Sababu yake ni nyepesi ukishaiona. Chekipointi huhifadhi kumbukumbu yote ya mgeni, na ndani ya kumbukumbu hiyo kerneli ilikwisha kuweka nakala za vitu ilivyosoma kutoka kwenye diski: orodha za folda, ramani za faili, na pengine kurasa za programu yenyewe. Diski imebadilika chini ya miguu yake naye hana habari, kwa sababu katika ulimwengu wake hakuna muda wowote uliopita. Ukiwa na bahati, ataona mambo ya zamani. Usipokuwa nayo, atachanganya ya zamani na mapya, na mfumo wa faili utaanza kutoa makosa ambayo yanafanana na diski mbovu.

Kanuni ni kwamba taswira iliyotumika kuchukua chekipointi haiguswi tena. Kwa kazi inayobadilika, zipo njia tatu zinazofaa. Ya kwanza ni kutumia skripti, maana `readfile` haihifadhiwi ndani ya chekipointi. Kila unaporejesha unaweza kutaja skripti nyingine. Katika folda ya `configs/boot` kuna skripti ya `hack_back_ckpt.rcS` iliyoandikwa kwa kusudi hili: huchukua chekipointi, na baada ya kurejeshwa huisoma skripti mpya uliyoitaja. Ya pili ni kuibeba programu ndani ya skripti yenyewe, ikiwa imegeuzwa kuwa maandishi kwa `base64`, mgeni aifungue na kuiendesha. Kwa programu ndogo njia hii haina mpinzani. Ya tatu, inayofaa benchimaki zenye data nyingi, ni kuunganisha diski ya pili tangu mwanzo bila kuipachika, uchukue chekipointi, na uipachike baada ya kurejesha tu. Mradi ukubwa na jedwali la sehemu zake hazikubadilishwa, unaweza kubadilisha faili zilizomo. Na ili kuondoa shaka, mgeni aandike 3 katika `/proc/sys/vm/drop_caches` kabla ya kuipachika.

Urejeshaji unaokataa kabisa, kwa `fatal` inayosema kwamba kitu fulani hakiwezi kusomwa kutoka katika chekipointi, ni jambo jingine. Umebadilisha idadi ya viini, ukubwa wa kumbukumbu au jina la kifaa kati ya kuchukua na kurejesha. Aina ya kichakataji na ukubwa wa kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya kichakataji) vinaruhusiwa kubadilika. Umbo la kompyuta haliruhusiwi.

Uigaji hauishi

Kabla ya kukisia kwamba umekwama, piga hesabu. Kichakataji cha kina cha O3 (kinachoweza kuendesha maagizo nje ya mpangilio wake) kwa kawaida huiga maagizo laki moja hadi laki kadhaa kwa kila sekunde ya mwenyeji, na `hostInstRate` katika faili ya takwimu itakupa namba yako halisi. Tuseme benchimaki yako imeandikwa ijirudie kwa sekunde 5 kisha ihesabu imefanya mizunguko mingapi. Sekunde hizo ni za mgeni, si zako. Kwa saa ya GHz 3 na agizo moja kwa kila mzunguko wa saa, hayo ni maagizo bilioni 15. Kwa kasi ya maagizo 200,000 kwa sekunde utasubiri sekunde 75,000, yaani karibu saa 21. Benchimaki zinazojipima kwa saa hazifai ndani ya kiigaji. Ziandike upya zijirudie kwa idadi maalumu, na idadi hiyo ianze kwa makumi, si mamilioni.

Ikiwa hesabu inaonyesha kwamba ingepaswa kuwa imekwisha, tazama terminali ya mgeni. Skripti isiyo na `m5 exit` mwishoni humwacha mgeni akikaa milele kwenye ganda (shell) lake, na kerneli iliyoanguka huweza kuzunguka mahali pamoja huku kiigaji kikiiga mzunguko huo kwa uaminifu mkubwa. Neno `Killed` kwenye terminali hiyo humaanisha kwamba kumbukumbu imekwisha, `fs.py` humpa mgeni MB 512 tu usipotaja `--mem-size`. Unaweza kuutumia mchakato wa gem5 ishara ya SIGUSR1, nayo itaandika takwimu za hadi hapo bila kusimamisha kazi. Ukiitumia mara mbili kwa kupishana dakika chache na `simInsts` imeongezeka wakati mgeni haandiki kitu, basi kipo kinachozunguka.

Imekwisha vizuri, lakini namba hazina maana

Makosa yote yaliyotangulia yana fadhila moja, kwamba yanajitangaza. Haya ya hapa hayatoi ujumbe wowote, na ndiyo yanayoingia katika majedwali na kutetewa mbele ya watu.

Tuanze na faili yenyewe. `stats.txt` haiandikwi upya kila takwimu zinapotolewa. Huongezewa sehemu nyingine, kila moja ikiwa kati ya mstari wa `Begin Simulation Statistics` na ule wa `End Simulation Statistics`. Chukua programu inayoita `m5_reset_stats` kabla ya kitanzi (loop) chake, `m5_dump_stats` baada yake, kisha skripti ikaita `m5 exit`. Faili itakuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ndiyo ya kitanzi. Ya pili iliandikwa wakati wa kutoka, na kwa kuwa kutoa takwimu hakuzirudishi kwenye sifuri, imejumlisha kitanzi pamoja na uchapishaji wa matokeo, kufungwa kwa programu na ganda kusoma mstari uliofuata. Tuseme sehemu ya kwanza ina maagizo milioni 48 na ya pili milioni 61. Anayetumia `grep simInsts stats.txt | tail -1` amechukua milioni 61, na milioni 13 kati ya hizo si zake. Ita `m5_dump_reset_stats` badala yake, na usome sehemu kwa namba yake, si kwa kuwa ya mwisho.

Dalili nyingine ni kwamba takwimu zote za `system.cpu` hazina kitu baada ya kurejesha chekipointi. Hazijapotea. `fs.py` hurejesha kwa kichakataji kimoja kisha hubadilisha kwenda kwenye kile ulichokitaja, na hicho cha pili huitwa `system.switch_cpus`.

Umeongeza kache ya ngazi ya pili mara nne na muda haukubadilika hata kidogo? Angalia `config.ini` ndani ya `m5out`, faili ambayo haisomwi inavyostahili, kwa kuwa ndiyo inayosema kompyuta gani iliigwa kweli, bila kujali wewe ulidhani umeomba ipi. Bila `--caches` na `--l2cache`, `fs.py` haiweki kache. Bila `--cpu-type`, hutumia `AtomicSimpleCPU`, ambacho hakiigi foleni wala msongamano wa kumbukumbu, na ambacho ni kizuri kwa kuwasha mfumo na kibaya kwa kupima chochote.

Ikiwa kache zipo na matokeo yanaonyesha makosa mengi ya kache kuliko ulivyotarajia, fikiria zilianzaje. Chekipointi ya kumbukumbu ya kawaida haihifadhi yaliyomo katika kache, hivyo kila urejeshaji huanza na kache tupu. Kwa kitanzi kifupi, takwimu zako zitakuwa zinapima ujazaji wa kache. Vivyo hivyo, safu ya data iliyoombwa kwa `malloc` lakini haijaguswa itasababisha kerneli kuitafutia kurasa katikati ya kipimo, na maagizo ya kerneli huhesabiwa pamoja na yako. Endesha kitanzi mara moja bila kupima, ndipo uite `m5_reset_stats`. Na usipochapisha jibu la hesabu mahali popote, kompaila kwa `-O2` ina haki ya kukifuta kitanzi chote. Muda wa ajabu ulio mfupi mno huwa ni huo.

Kwa programu zenye nyuzi nyingi, kuna jambo moja la kuongeza. gem5 ikipewa usanidi ule ule hutoa matokeo yale yale, ila katika KVM, na utulivu huo huwafanya watu waamini uendeshaji mmoja. Lakini badiliko dogo la ucheleweshaji wa kumbukumbu hupanga upya nani anapata kufuli kwanza, na tofauti inayotokana na upangaji huo inaweza kuzidi ile uliyotaka kuipima. Alameldeen na Wood walilionyesha jambo hili mwaka 2003 kwa uigaji wa programu za nyuzi nyingi, wakapendekeza kuendesha kila usanidi mara kadhaa kwa kuongeza vicheleweshaji vidogo vya nasibu. Ukiona usanidi uliopaswa kuwa bora unashindwa kwa asilimia mbili, fanya hivyo kabla ya kuanza kutafuta kosa.

Faili ya matokeo imetoweka

Programu iliandika faili ndani ya mgeni, umeipachika taswira baadaye, na faili haimo. gem5 haiandiki kwenye taswira yako. Mabadiliko yote huwekwa pembeni katika kumbukumbu ya kiigaji na hufa nacho. Itoe faili kabla ya kutoka: ingia katika folda yake ndani ya mgeni na uite `m5 writefile matokeo.csv`, nayo itaonekana katika `m5out`. Ikiwa inaonekana lakini imekatika mwishoni, programu yako iliita `m5_exit` ikiwa bado ina maandishi ambayo hayajamwagwa. Weka `fflush` kabla yake, au uiache programu ifunge kwa kawaida na kazi ya kutoka ifanywe na skripti.